Semei Kakungulu: Mbabe wa vita aliyewaachia vijana Sabato

KAMA wewe ni mwanafunzi na unapanga chumba hapa Gatongora, safari hii unaijua vizuri. Asubuhi unadandia matatu ya 145 pale Ruiru, unakwama kwenye msongamano wa Thika Road, kisha unashuka mjini na kutembea hadi University Way. Pale ambapo barabara hiyo inakutana na Uhuru Highway, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna jengo lililojificha nyuma ya ua na miti. Huenda umelipita mara mia na hujawahi kuuliza ni la nani.

Basi jua leo kuwa hilo ni sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza la Nairobi liliwekwa mwaka 1912, wakati mji wenyewe ulikuwa bado mabati na matope. Jengo unaloliona sasa ni la miaka ya 1950.

Nikikuambia ufikirie Myahudi wa Afrika Mashariki, pengine utamwona akilini mzungu mzee mwenye ndevu na kofia nyeusi. Hata hivyo, ukivuka mpaka wa Malaba, ukapita Tororo na kufika Mbale chini ya Mlima Elgon, utakutana na Wayahudi takriban 2,000 ambao ni Waafrika watupu. Wanalima kahawa na ndizi, wanazungumza Kiganda na lugha nyingine za huko, na Ijumaa jua likizama wanaacha majembe na kuanza kuimba. Wanaitwa Abayudaya, neno la Kiganda linalomaanisha Wayahudi.

Wote wanafuatilia imani yao hadi kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa rabi wala mmishenari. Alikuwa mwindaji wa ndovu aliyegeuka kuwa jenerali. Jina lake ni Semei Kakungulu.

Ninakusimulia habari zake kwa sababu najua ukifika kampasi swali la kwanza unaloulizwa, hata kabla ya kupata meza ya kusomea, ni wewe ni wa wapi. Ni wa CU? Ni Mkatoliki, Mwislamu, Msabato, au huna dini? Ni wa kabila gani? Kakungulu aliulizwa maswali kama hayo maisha yake yote, na kila alipojibu alilipa.

Mgeni katika kasri la Kabaka

Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Kooki, ufalme mdogo uliokuwa magharibi ya Buganda. Kwa hivyo weka hili akilini tangu mwanzo: huyu ambaye historia inamwita Muganda shupavu alikuwa mtu wa kuja. Alifika Buganda akiwa kijana, akajulikana kwa kuwinda ndovu. Enzi hizo pembe za ndovu ndizo zilizokuwa pesa, na aliyejua kutumia bunduki hakukosa mlango wa kuingilia.

Alifika wakati moto ukiwaka. Kabaka Mwanga alikuwa kijana kama wewe, na kasri lake lilijaa Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, kila upande ukivutia kwake. Kakungulu alisoma kwa wamishenari Waprotestanti, akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa na kuitwa Semei, jina la Biblia.

Usidhani kusoma kulikuwa jambo dogo. Katika Buganda ya miaka ile, waliojifunza dini waliitwa wasomaji, kwa sababu kuingia dini na kujua herufi vilikwenda pamoja. Ukisoma, umeamua uko upande gani. Mwaka 1886 wasomaji kadhaa waliuawa Namugongo, na hao ndio wanaokumbukwa kila Juni 3 kama Mashahidi wa Uganda. Kitabu kilikuwa kitu cha kufia. Kumbuka hilo, maana kitabu ndicho kitakachokuja kumgeuza mtu wetu.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Zikafuata vita za dini, na Kakungulu akawa miongoni mwa makamanda wa Kiprotestanti waliopigana hadi Mwanga akarudishwa kwenye kiti. Akapata cheo, akapata wafuasi, akapata jina. Lakini pia akapata mpinzani: Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, Mprotestanti kama yeye na mwenye tamaa kama yake. Wawili hao hawakuweza kukaa nyumba moja. Kagwa alibaki karibu na kiti, Kakungulu akaelekea mashariki, upande wa Bugerere na mto Nile, kujitafutia nchi ya kutawala.

Kazi ya wakubwa

Sasa hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu, na sitaki kukuficha.

Waingereza walikuwa wametangaza Uganda kuwa nchi ya ulinzi wao mwaka 1894, lakini hawakuwa na watu wala pesa za kuishika. Walihitaji mtu wa kuwafanyia kazi ngumu. Kakungulu alihitaji ufalme. Wakaelewana, au angalau yeye alidhani wameelewana.

Aprili 9, 1899, katika nchi ya Lango, Kakungulu akiwa pamoja na kikosi cha afisa Mwingereza aitwaye Evatt walimkamata Kabalega, mfalme wa Bunyoro ambaye alikuwa amewasumbua Waingereza kwa miaka. Siku hiyo hiyo alikamatwa pia Mwanga, aliyekuwa ameasi na kukimbilia huko. Ndiyo, Mwanga yule yule ambaye Kakungulu alipigana kumrudisha kwenye kiti miaka kumi hivi kabla. Wafalme wote wawili walipelekwa Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki Jinja kabla ya kufika kwao.

Baada ya hapo Kakungulu aligeukia Bukedi, jina la jumla ambalo Waganda waliyapa maeneo ya mashariki waliyoyadharau. Humo waliishi jamii nyingi zisizo na mfalme, ambazo mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo. Kati ya 1899 na 1902 jeshi lake lilipita humo likijenga ngome, likiteka ng'ombe, na kuweka machifu wa Kiganda juu ya watu ambao hawakuwaomba. Alifungua barabara, akapanda miti kando yake, akagawanya nchi kwa mpangilio wa Kiganda. Kwa Waingereza hayo yalikuwa maendeleo. Kwa waliochomewa nyumba yalikuwa uvamizi, na mpaka leo ukienda mashariki ya Uganda utapata watu ambao jina Kakungulu haliwafurahishi.

Yeye aliamini kwamba atatambuliwa kuwa mfalme wa Bukedi. Alikuwa amezungumza na Sir Harry Johnston, kamishna maalumu wa Uingereza, na akatoka pale akijiona tayari ana taji. Haikuwa hivyo. Mwaka 1902 aliambiwa aondoke Budaka, ngome yake kuu. Akapewa maili 20 za mraba za ardhi katika eneo la Mbale, akahamia huko na maelfu ya wafuasi. Mji ukamea. Soko likajaa, biashara zikaja, na Waingereza wakaona pazuri, nao wakahamishia ofisi zao hapo hapo. Mwaka 1906 wakamtuma Jinja kusimamia baraza la machifu wa Busoga. Kilikuwa cheo kikubwa, lakini kilimweka mbali na watu wake na mbali na ndoto yake. Aliporudi Mbale mwaka 1913, alikuwa chifu wa kulipwa mshahara katika mji alioujenga yeye mwenyewe.

Fikiria umejituma kwenye kampuni miaka yote, umewaletea wateja, umefungua tawi jipya kwa jasho lako, halafu siku ya kugawa vyeo unaambiwa asante na kuonyeshwa dawati la pembeni. Ndivyo alivyojihisi. Tofauti ni kwamba jasho lake lilichanganyika na damu ya watu wengine.

Kisu na kitabu

Mtu aliyeumia hivyo angeweza kuchukua bunduki. Kakungulu alichukua Biblia.

Alianza kwa kujiunga na kundi la Abamalaki, waumini waliojitenga na kanisa la Kianglikana. Walishika Jumamosi kuwa Sabato, na walikataa dawa na chanjo wakisema mponyaji ni Mungu peke yake. Serikali iliwaona watu hatari, kwa sababu ilikuwa ikichanja watu na mifugo kupambana na maradhi. Kwa chifu wa serikali kujiunga nao, hiyo ilikuwa dharau ya wazi. Katika suala la dawa, Abamalaki walikosea na kosa hilo lingeweza kuua. Lakini ona kilichokuwa kikiendelea ndani ya Kakungulu: kwa mara ya kwanza alikuwa anakataa kuambiwa.

Akaendelea kusoma. Biblia ilikuwa imeshatafsiriwa kwa Kiganda, na hakumhitaji mzungu kumfafanulia. Alisoma Agano la Kale polepole, sheria kwa sheria, na akagundua jambo ambalo walimu wake hawakuwahi kulikazia. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu anamwamuru Ibrahimu kutahiri wanaume wote wa nyumba yake, kizazi hadi kizazi. Hakuona mahali ambapo Mungu alibadilisha nia.

Kwako wewe uliyekulia Kiambu, tohara si ajabu. Na hata kule Mbale, Wamasaba, ambao wengi huwaita Wagisu, hutahiri vijana wao hadharani katika sherehe za Imbalu. Lakini kwa Waganda tohara ilikuwa mwiko. Ilihusishwa na Uislamu, na damu ya mwanamume haikumwagwa hivyo. Viongozi wa Abamalaki walimwonya kwamba tohara ni mambo ya Wayahudi, si ya Wakristo.

Jibu lake lilikuwa rahisi hata likawaacha midomo wazi. Kama wanaofuata amri hiyo ni Wayahudi, basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa karibu miaka 50, alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakamfuata. Hapo ndipo Abayudaya walipozaliwa.

Elewa kwamba hakukuwa na Myahudi yeyote aliyemshawishi. Miaka 16 kabla, mwaka 1903, Uingereza ilikuwa imewapa Wayahudi wa Ulaya fursa ya kuhamia Uasin Gishu, upande wetu huu wa mpaka, katika ule unaoitwa Mpango wa Uganda. Kongamano lao lilijadili, likatuma wajumbe kuitazama nchi, na mwaka 1905 likakataa. Wayahudi wenyewe walikataa kuja. Halafu kilomita zisizo nyingi kutoka hapo, Mwafrika mmoja akaamua peke yake, kwa kusoma tu, kwamba yeye ni mmoja wao.

Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa 90 hivi, chenye sala na maagizo ya imani yake mpya. Ukikichunguza ungeona bado kimechanganya mambo ya Kikristo na ya Kiyahudi. Alikuwa anajifunza akiwa njiani, kama mtu anayejenga nyumba huku akiishi ndani yake.

Mgeni aitwaye Yosef

Hapo ndipo alipokutana na Myahudi wa kwanza maishani mwake. Abayudaya wanasimulia kwamba alikuja mgeni, mtu wa mbali, anayejulikana kwa jina moja tu, Yosef, na akakaa nao karibu miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja, vyakula vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa, na maneno ya Kiebrania. Kakungulu akaondoa yale ya Kikristo yaliyokuwa yamebaki katika ibada yake.

Alifanya jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko vita vyake vyote. Alianzisha shule. Akakusanya vijana, akawafundisha Torati ili nao wawafundishe wengine. Yule aliyewahi kupanga vikosi vya bunduki sasa alikuwa akipanga madarasa.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Marafiki Waprotestanti walimtenga. Serikali iliendelea kupunguza mamlaka na ardhi yake. Wafuasi wengi waliomfuata akiwa na vyeo vya kugawa hawakuona sababu ya kumfuata akiwa na Sabato tu. Alipofariki Novemba 24, 1928, aliyewahi kuamrisha maelfu aliacha jamii ndogo ya wakulima kwenye vilima vya Mbale, wasiojulikana na Wayahudi wa dunia wala kupendwa na majirani.

Ukimpima kwa kipimo cha siku ile, ungesema amekufa bila kitu.

Miaka ya kujificha

Baada yake uongozi ulishikwa na wazee, miongoni mwao Samson Mugombe, aliyewaongoza kutoka kilima cha Nabugoye. Jamii ikakua polepole. Kufikia mwaka 1971 inakadiriwa walikuwa 3,000 hivi.

Januari mwaka huo Idi Amin akatwaa mamlaka. Mwaka uliofuata akavunja uhusiano na Israeli na kuwafukuza Waisraeli, na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa na mengine kubomolewa. Wengi walijiunga na Ukristo au Uislamu ili waishi kwa amani, na huwezi kuwalaumu. Waliobaki walisali vyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa, sauti chini. Kufikia mwisho wa utawala ule walikuwa wamebaki takriban 300.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Pasaka ndiyo sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajawahi kuiona hiyo kuwa sadfa.

Lakini uhuru peke yake haukutosha. Wazee walikuwa wamechoka, vitabu vimepotea, na watu 300 waliotawanyika si jamii. Kwa kawaida hadithi kama hii ingeishia hapo.

Waliookoa ni rika lako

Haikuishia hapo kwa sababu ya kundi la vijana. Katika miaka ya 1980, wengine wakiwa bado wanafunzi, walianzisha klabu ya vijana wa Kiyahudi. Walihamia pamoja Nabugoye, wakalima pamoja, wakala pamoja, wakiiga vijiji vya ushirika walivyosikia viko Israeli. Walienda nyumba kwa nyumba wakiwatafuta waliojificha. Walichukua zaburi na sala za Kiebrania wakazitia mahadhi ya Kiafrika, kwa gitaa na ngoma. Muziki huo ulirekodiwa na albamu yake ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy mwaka 2005.

Miongoni mwa vijana hao alikuwemo Gershom Sizomu, mjukuu wa Samson Mugombe. Baadaye alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akahitimu mwaka 2008 na kurudi nyumbani kuwaongoza watu wake. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge. Kakaye, Joab Jonadab Keki, mwaka 2004 alizunguka kwa majirani Waislamu na Wakristo akawaomba wauze kahawa yao pamoja na Wayahudi. Ushirika huo ukaitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Wewe unayeishi Ruiru, mji ambao jina lake limepewa aina ya kahawa inayojulikana na wakulima wote wa nchi hii, unajua vyema kahawa inaweza kuleta ugomvi kiasi gani. Hawa waliitumia kuleta ujirani.

Leo kuna Shule ya Msingi ya Hadassah na Shule ya Upili ya Semei Kakungulu, ambapo watoto wa dini zote hukaa dawati moja. Na katika mji wa Mbale, wajukuu wa imani ya mtu aliyekataa dawa wanaendesha kituo cha afya cha Tobin, kinachotibu yeyote anayeingia.

Kwa wale walio vyuoni kuna Marom, chama cha vijana na wanafunzi wa Abayudaya. Kazi yake ni ile ile unayoijua kwenye vyama vya dini vya kampasi: kukutana, kusoma, kusaidiana, na kutomwacha mtu apotee mjini. Ijumaa jioni wanawasha mishumaa, wanabariki mkate na divai, wanaimba na kula pamoja. Kuanzia hapo hadi Jumamosi usiku hawaandiki wala hawafanyi kazi.

Sasa hebu fikiria hilo kwa mwanafunzi. Ijumaa jioni ndiyo saa ambayo Kamakis inaanza kunukia nyama choma na simu yako inalia kila dakika. Na Jumamosi ndiyo siku ambayo vyuo vingi huweka masomo ya ziada na mitihani. Nchini Uganda, wanafunzi Waadventista walikwenda mahakamani kupinga mitihani ya Jumamosi katika Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikawakatalia. Hapa Kenya, mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwa upande wa wanafunzi Waadventista kuhusu Sabato shuleni. Hao si Wayahudi, lakini siku ni ile ile na shida ni ile ile. Kushika Sabato ukiwa chuoni kunaweza kukugharimu alama.

Na bado swali la wewe ni nani halijaisha. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo walikuja Uganda na kuwaingiza rasmi mamia ya Abayudaya katika dini kwa utaratibu wa Kiyahudi. Wengine walikubali. Wengine waliona ni matusi kuambiwa wawe kile ambacho babu zao walikuwa tayari. Kijiji cha Putti kilichagua njia ya Kiothodoksi. Mwaka 2018 vijana wapatao 40 walizuru Israeli kwa mpango unaowapeleka vijana wa Kiyahudi wa dunia nzima, lakini serikali ya huko imekuwa ikisita kuwatambua Abayudaya wanaotaka kuhamia.

Hata sisi Wakenya tumeguswa. Huko Kasuku, Kaunti ya Nyandarua, kuna jamii ndogo ya Wakikuyu wanaofuata dini ya Kiyahudi, ambao wamejenga uhusiano na ndugu zao wa Mbale. Desemba 2017 kijana mmoja wa jamii hiyo aliyekuwa akienda kusoma Israeli alizuiliwa uwanja wa ndege, akiwa na viza mkononi, akalala rumande na kurudishwa. Miaka karibu 100 baada ya Kakungulu kuambiwa tohara si mambo yake, kijana wa Nyandarua alikuwa akiulizwa swali lile lile mbele ya kaunta ya uhamiaji.

Na wewe je?

Sikuandikia haya ili ubadilishe dini. Kaa na imani yako, au na kutoamini kwako. Wala sisemi umfanye Kakungulu kuwa malaika, maana waliokanyagwa na jeshi lake wana haki ya kumkumbuka wanavyomkumbuka.

Ila pima maisha yake kwa makini. Vyote alivyopata kwa kuwafanyia wakubwa kazi, yaani vyeo, ngome, ardhi na ahadi ya taji, vilichukuliwa na wakubwa hao hao akiwa bado hai. Kilichobaki ni kile alichokipata kwa kusoma mwenyewe na kuwaza mwenyewe, kisha akawapa vijana. Na hata hicho kingekufa kama vijana wa miaka ya 1980 wangesema ni mambo ya wazee.

Walichofanya hakikuhitaji pesa nyingi. Walikutana kila wiki bila kukosa, walikula pamoja, waliimba, na walimtafuta aliyekosekana. Wewe na wenzako kwenye ploti yenu ya Gatongora mnaweza kufanya hivyo, iwe ni kwa jina la dini, la lugha ya mama, la kitabu mnachosoma au la kijiji mlikotoka. Mwenzenu akikosa wiki mbili, nendeni mgonge mlango wake.

Na utakapopita tena University Way ukikimbilia darasa la saa mbili, tupa jicho upande wa pili wa ua ule. Sasa unajua ni la nani. Kama ni Ijumaa jioni, kumbuka kwamba saa hiyo hiyo, kwenye kilima kimoja nje ya Mbale, watu wa rika lako wanawasha mishumaa.